Bingwa na Mtetezi: Asili ya Neno Champion na Maana Zake katika Historia ya Kilosa na Mikumi

Mtu aliye mjini Kilosa, akiambiwa kwamba bingwa amewasili kwa treni ya jana, hawezi kujua mara moja kama aelekee hospitali au aelekee uwanjani. Huko hospitali bingwa ni tabibu aliyesomea maradhi ya namna moja mpaka akawapita wenzake kwa ujuzi wa maradhi hayo. Uwanjani bingwa ni yule aliyewashinda wengine wote akapewa kombe. Neno ni moja, upatanisho wake wa sarufi ni mmoja, na wingi wake ni ule ule, mabingwa. Lakini yule wa kwanza hakumshinda mtu yeyote, na huyu wa pili pengine hana elimu yoyote ila ya miguu yake au ya ngumi zake. Wasemaji hawasumbuliwi na jambo hili, maana mazungumzo yenyewe huonyesha ni bingwa gani anayetajwa. Hata hivyo mwenye kuchunguza historia ya maneno ana haki ya kuuliza ni maana ipi iliyotangulia, na ni kitu gani kilichoileta ile ya pili.

Kamusi ya Frederick Johnson, iliyotolewa mwaka 1939 kwa ajili ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, yamweleza bingwa kuwa ni mtu mwerevu, hodari, ajuaye mambo. Hapo hakuna kombe wala uwanja. Basi maana ya hospitali ndiyo iliyo karibu zaidi na ile ya zamani, ingawa wengi leo wangeidhani kuwa ndiyo mpya kwa sababu imeandikwa juu ya vibao vya madaktari. Maana ya uwanjani ilipata nguvu mashindano ya mpira, ngumi na riadha yalipoenea, na magazeti na redio zikahitaji neno fupi la kumwitia mshindi wa wote. Filbert Bayi alipokimbia mita 1,500 huko Christchurch tarehe 2 Februari 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaweka rekodi ya dunia, neno bingwa lilikuwa limekwisha kuzoea kazi hiyo. Timu ya Mtibwa Sugar ya Turiani, kaskazini-mashariki ya Kilosa, ilipochukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1999 na tena mwaka 2000, hakuna aliyefikiri kwamba wachezaji wa mashamba ya miwa walisifiwa kwa elimu. Tena siku hizi watu husema Klabu Bingwa na Ligi ya Mabingwa, na gazeti moja la michezo la Dar es Salaam limejiita Championi, yaani limelichukua neno la Kiingereza zima zima na kulitilia irabu mwishoni.

Jambo hili la Championi linafaa kufikiriwa. Lugha iliyo na bingwa, shujaa, mshindi, jagina, gwiji, mahiri, na manju kwa ngoma, haikopi neno jingine kwa umaskini. Yaelekea kwamba katika champion mna kitu ambacho bingwa hakibebi chote, na ili kukiona kitu hicho yapasa kulirudia neno lenyewe kwao.

Champion liliingia katika Kiingereza kutoka Kifaransa cha zamani, nalo Kifaransa kililipata katika Kilatini cha zama za kati, campio, maana yake mtu wa uwanja wa mapigano. Mzizi wake ni campus, uwanda au uwanja, neno ambalo watu wa makabila ya Kijerumani walilichukua mapema wakalifanya kuwa na maana ya mapigano yenyewe. Ndiyo asili ya neno la Kijerumani Kampf. Wengine huvutiwa kuliunganisha na kambi ya Kiswahili kwa njia ya Kiingereza. Lakini Richard Burton, aliyepita katika nchi ya Usagara mwaka 1857, alikwisha kuandika khambi kwa vituo vya misafara katika kitabu chake cha mwaka 1860, zaidi ya nusu karne kabla Waingereza hawajaitawala nchi hiyo. Wapagazi hawakungoja kufundishwa na Waingereza neno la mahali pa kulala.

Sasa, huyo campio alikuwa nani? Hakuwa mshindi. Alikuwa mtu aliyepigana badala ya mwingine. Katika sheria za Ulaya ya zama za kati, na Uingereza baada ya Wanormani kuingia mwaka 1066, watu wawili waliogombea haki mahakamani waliweza kuamuliwa kwa mapigano, kwa imani kwamba Mungu hatamwacha mwenye haki ashindwe. Mwanamke, mzee, kilema au padri hakutazamiwa kuingia uwanjani, hivyo aliweka mtu wa kupigana kwa niaba yake. Na katika mashauri ya ardhi ya Uingereza ilikuwa ni kanuni kwamba wenye shauri wasipigane wenyewe, bali wapiganiwe. Kwa hiyo ardhi ya mtu ilipotea au ilibaki kulingana na nguvu za mkono wa mtu mwingine. Palikuwapo hata watu waliofanya kazi hiyo kwa ujira, nao hawakuheshimiwa sana, kwa kuwa fimbo yao ilikuwa ya yeyote mwenye fedha. Sheria hiyo haikufutwa Uingereza mpaka mwaka 1819, baada ya mtu mmoja aliyeshtakiwa kwa mauaji kuwashangaza mahakimu kwa kudai haki yake ya kupigana na mshtaki. Ukoo wa Dymoke wa Scrivelsby ulikuwa na cheo cha kuwa champion wa mfalme, kazi yake kupanda farasi katika karamu ya kutawazwa na kumwita vitani yeyote anayekataa haki ya mfalme. Mara ya mwisho jambo hilo lilifanywa mwaka 1821. Ni katika karne ya 18 na ya 19, wapiganaji wa ngumi na michezo mingine walipokuwa wakishindania fedha na sifa, ndipo neno lilipoelekea maana ya mshindi wa wote. Yule mtu aliyesimama nyuma ya mpiganaji, ambaye kwa ajili yake mapigano yalifanywa, akasahauliwa.

Kumbe bingwa ni tafsiri ya champion katika maana yake ya mwisho tu. Ile ya kwanza, ya mtu mmoja kusimama mahali pa mwingine, Kiswahili huieleza kwa njia nyingine kabisa, na njia hiyo haimo katika nomino. Imo katika kitenzi, katika kauli ya kutendea. Mtu hupigana, na hilo ni lake mwenyewe. Lakini akipigania, sikio hungoja kusikia anapigania nini au nani. Kuteta ni kugombana kwa maneno. Kutetea ni kugombana kwa ajili ya mwingine, na humo ndimo alimotoka mtetezi. Kusema ni kwa kila mtu. Kusemea kwahitaji mwenye kusemewa. Viambishi hivi vidogo, -i- na -e-, hufanya kazi ambayo Kilatini kilimwekea mtu mzima mwenye fimbo. Bingwa aweza kuwa bingwa peke yake, na shujaa vile vile, maana shujaa, ambalo ni neno la Kiarabu, lataja moyo wa mtu na si kazi aliyotumwa. Siku ya mashujaa nchini Tanzania, tarehe 25 Julai, huwakumbuka waliokufa kwa ajili ya nchi, lakini neno lenyewe lingewatosha hata kama wangekufa kwa ajili yao wenyewe. Mtetezi hawezi. Hana maana bila mtu wa pili.

Kitenzi shinda chenyewe kina ajabu yake. Kushinda ni kupata ushindi, na ni pia kukaa mahali kutwa nzima, kama mtu anayeshinda shambani. Kikiingizwa katika kauli ya kutendea, maana ya pili ndiyo itangulizwayo na masikio ya wengi: aliyeshindia muhogo hakupata ushindi kwa niaba ya muhogo, bali alikaa kutwa kwa kuula. Kwa hiyo Kiswahili kina kupigania na kutetea, lakini hakina wepesi wa kusema kwamba mtu amemletea mwenziwe ushindi kwa kitenzi kimoja. Kazi ya mtetezi yatamkika kwa urahisi. Mwisho wake hautamkiki kwa urahisi huo.

Tofauti hii ya maneno yaweza kuonekana kuwa mchezo wa wataalamu, lakini katika bonde la Mkondoa iliwahi kuamua mambo ya nchi nzima.

Mji wa Kilosa uko juu ya mto huo wa Mkondoa, chini ya milima ya Usagara. Kaskazini yake ni Ukaguru, pamoja na Gairo iliyokuwa katika wilaya ya Kilosa mpaka mwaka 2012. Kusini ni Uvidunda na mji wa Mikumi. Misafara ya kwenda Unyamwezi na Ujiji ilipanda kwa bonde hili, na Henry Stanley alilifuata mwaka 1871 baada ya kupita Simbamwene, mji wenye kuta uliojengwa na Kisabengo mahali palipo Morogoro sasa, wakati huo ukiwa chini ya binti yake. Jina la Simbamwene ni mfano mzuri wa namna ukubwa ulivyotajwa katika nchi hizi: simba, na mwene, yaani mwenye nchi. Lakini mji wa namna hiyo, wenye boma na bunduki, ulikuwa kitu kigeni. Wasagara, Wakaguru na Waluguru walihesabu ukoo kwa upande wa mama, wakaishi katika koo zilizogawanyika, kila ukoo ukiwa na ardhi yake na mkubwa wake aliyeitwa mndewa au jina la karibu na hilo. Mndewa aliamua ugomvi wa jamaa zake, alishughulikia mambo ya mvua na matambiko, na alijua mipaka. Hakuwa na jeshi, wala hakuwa na neno la kusema juu ya ardhi ya mndewa mwingine ng'ambo ya kilima. Watu walimfuata kwa kadiri walivyoona kwamba yuko pamoja nao. Wasipoona hivyo walihama.

Katika nchi ya namna hiyo aliingia Carl Peters mwezi wa Novemba 1884, akitoka Zanzibar na Saadani, pamoja na Karl Jühlke, Joachim von Pfeil na August Otto. Walikuwa na hati zilizokwisha kutungwa, bendera, na vitu vya zawadi. Tarehe 29 Novemba walikuwa Msovero, ambayo leo ni Msowero katika wilaya ya Kilosa, wakafanya mkataba na Mangungo. Katika hati hiyo Mangungo aliitwa Sultani wa Msovero katika Usagara, na aliandikwa kwamba ametoa nchi yake yote pamoja na haki zote kwa Peters, mwakilishi wa Shirika la Ukoloni wa Kijerumani, naye akaandikiwa urafiki wa milele. Mkalimani aliitwa Ramazan. Siku tano baadaye, tarehe 4 Desemba, mkataba mwingine ulifanywa na mtu ambaye Wajerumani walimwandika Muinin Sagara, na huyu alitajwa kuwa mtawala wa Usagara yote. Ajuaye Kiswahili aonapo jina hilo hukisikia ndani yake cheo cha pwani, mwinyi, pamoja na jina la nchi. Yaani lililoandikwa kama jina la mtu lafanana zaidi na maelezo ya cheo. Kufikia tarehe 17 Desemba Peters alikuwa amekwisha rudi Bagamoyo. Kazi ya kuitwaa nchi yenye ukubwa wa mataifa kadhaa ya Ulaya ilichukua majuma machache.

Watu wamezoea kuitaja habari hii kama habari ya mzee asiyejua kusoma aliyedanganywa kwa shanga na vitambaa. Masimulizi hayo si ya uwongo, lakini yanamtwika Mangungo mzigo ambao si wake peke yake, tena yanaiacha hila kubwa zaidi ipite bila kuonwa. Hila hiyo ilikuwa katika neno Sultani. Ili nchi ya Usagara iweze kutolewa, ilibidi kwanza apatikane mtu mmoja mwenye uwezo wa kuitoa, mtu ambaye akiweka alama yake koo zote ziwe zimeweka alama. Mtu huyo hakuwapo. Hati ilimwumba, ikampa cheo, na katika mstari ule ule ikampokonya kila kitu alichopewa. Ni campio wa namna ya kinyume: watu waliotajwa kuwa nyuma yake hawakumtuma, hawakujua kwamba yumo uwanjani, na shauri likaamuliwa dhidi yao. Katika baadhi ya hati hizo wakubwa wa nchi waliandikwa pia kuwa wanakana kuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Hapo ubingwa wa kisheria wa mwenye kuandika ulikuwa kamili, kwa maana ile ya Johnson ya werevu: neno Sultani lilitumika kumpa Mangungo uwezo, kisha likatumika kumwondolea Barghash uwezo huo huo.

Tarehe 27 Februari 1885, siku moja baada ya mkutano wa Berlin kwisha, Kaisari Wilhelm wa Kwanza alitoa barua ya ulinzi juu ya Usagara, Unguu, Uzigua na Ukami. Barghash alipinga mwezi wa Aprili. Mwezi wa Agosti manowari za Wajerumani zikatia nanga mbele ya Zanzibar, naye akanyamaza. Peters mwenyewe alifukuzwa katika utumishi wa serikali ya Ujerumani mwaka 1897 kwa sababu ya ukatili wake huko Kilimanjaro, na Waafrika walikwisha kumwita Mkono wa Damu. Hata hivyo watawala wa Kinazi walimfufua kama shujaa wao, wakamtengenezea filamu mwaka 1941. Uwanja uliokuwa na jina lake katika mji wa Hannover ulibadilishwa jina mwaka 1994, baada ya ubishi mrefu, ukapewa jina la Bertha von Suttner, mwanamke aliyepigania amani. Katika badiliko hilo moja la kibao mna historia nzima ya neno champion: shujaa aliondolewa, mtetezi akawekwa.

Reli ya kati ilipita Kilosa kabla ya kufika Dodoma mwaka 1910, mashamba ya mkonge yakafunguliwa pande za Kimamba na Rudewa, na watu wa makabila mengi wakaja kufanya kazi. Waingereza walipotawala, Gavana Donald Cameron alitunga sheria ya tawala za wenyeji ya mwaka 1926, na kwa mara ya pili mndewa mmoja akatakiwa awe zaidi ya mndewa. Ukaguru ulipewa mtawala mkuu mmoja mwenye mshahara, baraza na makarani. Watawala hao walikuwa na kazi ngumu ya kusimamia, na kitenzi hiki kinawaeleza vizuri kuliko kingine chochote, kwa sababu kusimamia ni kusimama kwa ajili ya mtu na ni pia kusimama juu ya kichwa chake. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963.

Kabla ya hapo, katika miaka ya 1950, lilizaliwa huko Ukaguru jambo lililotoka katika lugha ya wenyeji wenyewe. T. O. Beidelman, aliyekaa Ukaguru kwa uchunguzi mwaka 1957 na 1958, aliandika habari za chama kilichoitwa Umwano. Mwano ni ukelele wa kuitana wakati wa hatari, nao ulielekezwa hasa kwa Wabaraguyu, wafugaji wa lugha ya Kimasai waliokuwa wakiishi kati ya wakulima na kugombana nao juu ya mifugo na mashamba. Linalopendeza katika neno hili ni kwamba halimtaji mtu. Mwano si shujaa wala si bingwa, wala hauna kiongozi katika maana yake. Ni sauti, na kila aisikiaye yapasa atoke nyumbani kwake. Kama Ulaya ilimweka mtu mmoja kupigana badala ya wengi, milima ya Ukaguru iliwaita wengi wapigane badala ya mmoja aliyelia. Lakini sauti hiyo ina mpaka. Huitika yule anayeijua lugha yake, na jirani asiyeijua ndiye mara nyingi aliyepigiwa.

Upande wa wafugaji una neno lake pia. Morani, ambalo Kiswahili kimelichukua kwa Wamasai, ni kijana aliyetahiriwa akaingia rika la wapiganaji, na kazi ya rika hilo kwa asili ni kuwalinda watu na ng'ombe. Kwa mtazamo wa sarufi ya Kiswahili yeye ni mtetezi hasa, mwenye watu wa kuwatetea. Mabonde ya Kilosa yalipokuwa yakipungua nafasi kwa mashamba makubwa, vijiji na mifugo kwa pamoja, neno hilo lilianza kusikika kwa namna mbili katika soko moja. Alfajiri ya tarehe 8 Desemba 2000, baada ya ugomvi juu ya ng'ombe waliokamatwa mashambani, wafugaji wenye silaha waliwaua wakulima 38 huko Rudewa Mbuyuni, wanawake na watoto wakiwamo. Walioandika juu ya mauaji hayo baadaye, Benjaminsen na wenzake katika makala yao ya mwaka 2009, walionyesha kwamba chanzo chake hakikuwa uhasama wa asili wa mkulima na mfugaji, bali siasa ya ardhi iliyowabana wafugaji kwa miaka mingi pamoja na rushwa iliyowafanya watu wa pande zote mbili wasiwe na pa kushtaki. Mahali pasipo na mtetezi wa kisheria, kila upande hujitafutia wa kwake. Katika miaka ya 2010 magazeti yalianza tena kutaja mwano, safari hii kama jina la vikundi vya wakulima wa Kilosa na Mvomero waliokusanyika kwa silaha za jadi; ukelele ulikuwa umekuwa jina la jeshi, na nomino isiyotaja mtu ikaanza kuwataja watu.

Mikumi, kusini ya hapo, ni nchi ya namna nyingine. Jina lake lasemwa kutokana na mikumi, ile mivumo mirefu iotayo katika uwanda wa Mkata. Barabara ya kutoka Morogoro kwenda Iringa iliupita uwanda huo, na mwaka 1964 ikaanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambayo sasa ina kilomita za mraba 3,230. Mnyama alipata watetezi wenye sheria na mishahara mapema kuliko binadamu wengi wa mipakani mwake, jambo ambalo wanavijiji hulisema kwa mzaha na pengine bila mzaha.

Kwa binadamu, mtetezi wa kisheria wa nyakati hizi ni mbunge. Jimbo la Mikumi lilimchagua mwaka 2015 Joseph Haule, ambaye nchi nzima ilikwisha kumjua kwa jina la Profesa Jay, akalitumikia mpaka mwaka 2020. Wapenzi wa muziki walimwita nguli na gwiji, maneno ya jamii ya bingwa, kwa ujuzi wake wa kutunga. Wimbo wake uliojulikana sana, Ndio Mzee wa mwaka 2001, wamwonyesha mgombea anayewaahidi watu makubwa huku wao wakiitikia kwa kukubali. Hivyo mtunzi aliyemcheka mtetezi wa uwongo aliomba miaka 14 baadaye kuwa mtetezi wa kweli, na watu wa Mikumi walipompa kura walikuwa wanamvusha kutoka jamii moja ya maneno kwenda nyingine, kutoka nguli kwenda mwakilishi. Mwakilishi ni mtoto wa wakili, neno la Kiarabu, na ndilo pekee miongoni mwa maneno yote yaliyotajwa lililo karibu kabisa na campio wa mahakamani. Pwani ililijua tangu zamani katika mambo ya biashara na ndoa. Huko Msovero mwaka 1884 lingefaa sana, kama yeyote angeuliza Mangungo ni wakili wa nani.

Mashirika ya maendeleo yanayofanya kazi vijijini yameleta neno champion kwa mlango mwingine, kwa maana ya mtu anayesukuma mbele jambo fulani, kama afya ya mama au kilimo cha kuhifadhi udongo. Hapo bingwa halikufaa, kwa kuwa mtu huyo hakushinda chochote, wala hadai ujuzi wa kuwapita wengine. Wafasiri wengi wamekimbilia kinara. Uteuzi huo si mbaya. Kinara ni kile kitu cha kusimamishia mshumaa, na mtu aliyeitwa hivyo amesifiwa kwa kuibeba nuru ambayo si yake. Lakini magazeti ya michezo yamekwisha kulichukua. Mfungaji anayeongoza huitwa kinara wa mabao, na mtu wa pili nyuma ya neno anaanza kusahauliwa tena, kama alivyosahauliwa Ulaya katika karne ya 18.

Jina la Mangungo nalo limefuata njia yake. Halikubaki jina la mtu wa Usagara tu. Wanasiasa na waandishi wa Tanzania hutaja mikataba ya kina Mangungo wakilaumu makubaliano yaliyoitoa mali ya nchi kwa bei duni. Jina hilo lilisikika katika ubishi juu ya madini mwaka 2017, Bunge lilipotunga sheria mbili za utajiri na maliasili za nchi, likasikika tena mwaka 2023 katika mjadala wa bandari. Wasemao hivyo humtumia kama kinyume cha mtetezi, nao humhesabu, kama Peters alivyomhesabu, kuwa alikuwa na nchi nzima mkononi mwake. Kwa Wasagara wa Msowero yeye alikuwa mkubwa wa watu wake, na mpaka wake ulikuwa pale ulipoanza mpaka wa mndewa wa pili.